Chungu Kilichoitwa Mwenye Mimba

Mama mkwe wangu aliamini kwamba Mungu ni mwokaji wa mikate, na kwamba katika unga wote uliowahi kupita katika chekecheke lake, mimi ndiye niliyekuwa na funza wengi kuliko wote. Aliniambia hivyo siku ya tatu ya ndoa yangu, na hakukasirika hata kidogo. Alisema kama mtu anayesema mvua itanyesha.

"Bokilo," aliniita, maana kwetu Kisangani tumezoea kumwita mkwe hivyo, kwa Kilingala, "wewe nitakuchekecha mpaka nione kama kuna kitu inabakia."

Alinichekecha miaka minne. Kilichobakia ndicho kinachoandika hapa, na si kingi.

Nyumba yetu ilikuwa mtaa wa Tshopo, karibu na njia ya kwenda darajani. Mto ulipojaa, maporomoko yalinguruma hata tukawa tunaombana chumvi kwa ishara. Mume wangu alifanya kazi kwenye treni, ng'ambo ya pili, Lubunga, akienda Ubundu na kurudi. Siku alizolala nyumbani nazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na vingine vinabaki. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya wanawake wawili na sufuria moja.

Sufuria hiyo ilikuwa fungu lake la uhuru. Uhuru ulipofika, wengine walipata kiti ofisini, wengine walipata gari bila kujua kulisimamisha. Mama mkwe wangu alipata sufuria ya chuma. Alikuwa amefua na kupika miaka mingi kwa mke wa mmisionari, na yule mama alipoondoka haraka na masanduku mawili, sufuria ilimshinda uzito. Ilikuwa na kilo hamsini, na anayebisha hakuwahi kuibeba kichwani. Mfuniko wake ulikuwa bapa, wenye ukingo wa kuzuia makaa. Unaweka makaa chini, unaweka makaa juu, na katikati, gizani, mkate unamaliza shauri lake na Mungu.

"Moto ya chini peke yake inaunguza tumbo ya mukate," alinifundisha. "Moto ya juu peke yake inaunguza kichwa, na ndani inabakia mubichi. Mungu anatiaka yote mbili. Ukisikia joto upande moja tu, ujue hajaanza kukuoka."

Kila somo lilikuja na mwiko. Unga unachekechwa, kama vile shetani alivyoomba ruhusa ya kuwachekecha mitume: mwiko begani. Donge linafunikwa kitambaa na kuachwa, kwa sababu Roho hasukumwi: mwiko kwenye vidole vilivyotaka kuchungulia. Donge likishafura linapigwa ngumi lishuke, kwa sababu kila kitu kinachofura kina kiburi: hapo hakutumia mwiko, alitumia ngumi ileile. Mahubiri mengi niliyoyasikia baadaye, pamoja na ya wachungaji wenye miwani, sikuyapata mapya. Nilikuwa nimeshayapokea mgongoni.

Somo la chumvi ndilo lililonishinda. Mikate yangu daima ilikuwa chapwa. Naye alisema sababu inajulikana: "Chumvi yote unamaliza kwa mudomo." Alikuwa hapendi nilivyosimulia mambo. Nikisema nimeona samaki mrefu kama mtumbwi, alinituma kwa mvuvi aliyemvua, nikaulize urefu wake, nirudi na kamba yenye fundo. Uongo mdogo, alisema, ni kama chachu. Hakuna anayeiona ikiingia.

Chachu yenyewe iliishi ndani ya chungu cha udongo pembeni mwa jiko. Alikipakata kutoka Ubundu kwenye treni, akiwa mjane mpya, na ndani yake mlikuwa na chachu ya mama yake. Ilikuwa na miaka mingi kuliko mimi. Aliilisha unga na machicha ya tembo la mchikichi, ingawa yeye alikuwa shemasi na kanisa letu lilikataza pombe hata kuinusa. Wazee wa kanisa walipomuuliza, alijibu: "Chungu hakijabatizwa. Kiache kinywe."

Kila asubuhi ilikuwa imefura, imeinua kifuniko chake cha jani. Ndiyo maana alikiita kile chungu Mwenye Mimba. Na ndiyo maana, kila asubuhi kwa miaka minne, niliamshwa na sauti yake akiuliza jikoni kwa nguvu, ili majirani nao wapate: "Mwenye Mimba ameamka? Amefura? Aksanti Bwana. Hata moja tu katika hii nyumba."

Maana mimi mimba zilikuwa zimetoka mbili. Ya kwanza alinyamaza. Ya pili alisema, "Unga yako haifuraka," akaenda zake kupepeta.

Basi mimba ya tatu ilipoingia, sikumwambia mtu. Mume wangu alikuwa Ubundu. Nilijifunga kitambaa kiunoni, kanga juu ya kanga, nikawa naenda kutapika nyuma ya migomba nikijifanya nakata majani ya kufunikia mkate. Nilikata majani mengi mno miezi ile. Migomba ilibaki uchi.

Ilikuwa miezi hiyohiyo waasi walipouteka mji.

Walikuja na majani kichwani na dawa mwilini. Mganga wao alikuwa amewanyunyizia mayi, yaani maji ya dawa, na risasi, walisema, zingegeuka maji zikiwagusa. Lakini dawa ilikuwa na masharti. Wasiguswe na mwanamke. Wasile chakula kilichopita katika mkono wa mwanamke mwenye mimba. Aliyekufa vitani hakuwa amepigwa risasi, kwa hesabu yao. Alikuwa amevunjiwa sharti, na aliyemvunjia lazima atafutwe.

Karani aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu walimchukua kwa sababu ya kalamu mfukoni. Kalamu niliiona tena, katika mfuko wa mtu mwingine. Na kwenye soko dogo kulikuwa na mama muuza samaki, tumbo lake miezi minane, halifichiki. Aliwauzia mpiganaji na wenzake samaki wa kukaanga. Siku mbili baadaye yule mpiganaji akafa. Walimpeleka mama yule darajani, na siku zile kwenye daraja la Tshopo kulikuwa na njia moja tu ya kushuka.

Ndipo mkubwa wao wa mtaa wetu aliposikia harufu ya mkate.

Alikuwa kijana mpole, mwenye kofia ya ngozi ya fungo, na alisema "mama" kila baada ya neno la tatu. Alileta gunia la unga lililotoka katika duka la Mgiriki. Mgiriki hatukuuliza alitoka vipi.

"Mama, wewe uko mujane?"

"Miaka makumi mbili."

"Mambo ya wanaume ilikwisha?"

"Hata kuiota niliacha."

Wapiganaji wakacheka. Naye mkubwa akaamua: yeye, mama mzee, ndiye atakayekanda na kuoka, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Mimi nitachota maji na kupasua kuni, nisitie hata ukucha katika beseni. Nilikubali kwa moyo wote. Sijawahi kutii amri kwa furaha kama ile.

Wiki nne zilikwenda hivyo. Halafu ikaja asubuhi moja ambapo mke wa karani aliletewa habari ya mumewe, akaanza kulia, na mama mkwe wangu, kwa kuwa ni shemasi, akajifunga kitambaa kichwani akaenda. Donge lilikuwa katika beseni. "Narudi mbio," alisema. Lakini kilio hakina mbio. Jua likapanda, donge likapanda. Lilipita ukingo, likasukuma kitambaa, likaanza kumwagika pembeni. Nasema kweli, lilikuwa linanifuata mlangoni. Dakika chache tena lingechacha lote, na wapiganaji walikuwa wanakuja kabla ya saa sita. Nyumba nyingine iliyokosa kuwapa walichotaka, walimchapa bibi wa miaka sabini mbele ya wajukuu.

Nilinawa mikono, nikakanda.

Na niseme yote. Hofu ilikuwepo, lakini pia nilitamani. Miaka minne, kila nilipokanda, nilisukumwa pembeni ya beseni lile. Nilikanda polepole, kwa viganja, kama mtu anayemlaza mtoto. Nilikuwa nagawa vipande aliposimama mlangoni.

Aliangalia mikono yangu. Akaja, akabonyeza donge kwa kidole, akatazama shimo likijirudisha juu. Akavua kitambaa cha kilio, akapanga makaa. Hakushika mwiko. Ni hapo nilipoanza kuogopa kwelikweli.

Walifika sita, mkubwa na wenzake watano. Mikate ilikuwa imetoka sasa hivi. Kijana mmoja mwenye meno mazuri alimega kabla ya ruhusa, akatafuna, akafumba macho.

"Mama, leo mukate iko laini. Siku zote unatupatiaka mawe."

Wenzake wakacheka. Mwingine akasema kweli, ule wa juzi aliutumia kufungia mlango.

Mimi nilikuwa nimesimama na ndoo. Nilimwona mama mkwe wangu akikaza shingo. Miaka yote ile hakuna aliyesema mkate wake ni jiwe, hata mmisionari. Hakuniangalia. Aliokota kijinga cha moto, akakirudisha mahali pake, akasema taratibu:

"Bon. Leo Mwenye Mimba alifanya kazi yake muzuri."

Nilimwelewa mara moja. Hakuwa anasema habari ya chungu. Lile lilikuwa pigo langu, la mwiko usio na mti: alijua. Alijua tangu lini, sijui. Pengine migomba ilimwambia. Ulimi wake ulikuwa umezoea kunichoma kila asubuhi, na asubuhi ile haukukumbuka nani mwingine amekaa uani.

Kijana mwenye meno mazuri aliacha kutafuna.

"Mama," akasema mkubwa, kwa upole wake uleule, "mwenye mimba ni nani?"

Mama mkwe wangu alinyoosha kidole pembeni mwa jiko.

"Ni chungu."

"Chungu?"

"Chungu ya chachu. Inafuraka kila asubui, njo maana tunaiita vile. Uliza majirani. Wote wananisikiaka."

"Lete."

Alikileta. Mkubwa akafunua jani. Povu likapasuka, *pwa*, na mpiganaji mmoja akaruka nyuma akakielekezea bunduki.

"Inapumua," akasema.

Hapo wakaanza kubishana, na sijasikia ubishi wa dini mzuri kama ule, hata baraza letu la kanisa halijawafikia. Mmoja alisema dawa ilikataza mkono wa mwenye mimba, na chungu hakina mkono. Mwingine akasema kisicho na mkono kinaweza kuwa na mimba, kama ng'ombe, na dawa haikusema ng'ombe. Wa tatu akauliza chungu kinakula nini. "Unga na tembo," akajibu mama mkwe wangu. "Na wewe si shemasi?" "Mimi ndiyo. Yeye hajabatizwa." Walicheka wote, mpaka mkubwa. Mimi nami nilitabasamu, mjinga mimi, nikidhani tumevuka.

Mkubwa akageuza bunduki akakipiga chungu kwa kitako.

Chachu ya mama yake ikatawanyika chini, nyeupe, ikiendelea kupumua. Kuku wakaja. Mama mkwe wangu aliwatazama kuku wakila, na hakuwafukuza.

"Ya chungu imekwisha," akasema mkubwa. "Sasa ya watu. Huyu ni nani?"

"Bibi ya mutoto wangu, bokilo yangu."

"Iko na mimba?"

Najua ndoo ilikuwa imejaa na sikuhisi uzito. Nilimwangalia mwanamke yule ambaye hakuwahi, hata siku moja, kusema samaki ni mrefu kuliko alivyo. Kanga zangu mbili na kitambaa kimoja zilikuwa zote zinamtegemea yeye, naye alikuwa ametoka kuitwa mpika mawe kwa ajili yangu.

"Huyu?" Akatema mate pembeni. "Muangalie. Miaka mine nangojea. Mbili zilianguka. Unga ya huyu haifuraka."

Wapiganaji wakacheka tena, wakinipima kuanzia miguuni. Sijawahi kutukanwa vizuri namna ile.

"Na mukate ya leo, nani alikanda?"

"Mukate ya hii nyumba," akasema, "ni mimi nakandaka."

Hapa nimsimamishe msomaji kidogo, maana uhai wangu uliingia katika silabi moja. Kwa Kiswahili chetu, ukitaka kusema umefanya jambo leo, unasema nilikanda. Ukisema nakandaka, unasema ni desturi yako: unakanda kila siku, ndiyo kazi yako, dunia nzima inajua. Leo haimo. Miaka mingi baadaye, nikiwa mama wa watoto watano kwenye dawati la shule ya jioni, mwalimu alituambia kwamba hiyo inaitwa hali ya mazoea, akaandika ubaoni. Niliangua kilio darasani. Mwalimu akadhani sarufi imenishinda.

Mkubwa alikuwa mtoto wa hapahapa. Alilisikia neno, akaliinamia kidogo, kama mtu aliyeonja mchuzi akashindwa kusema kilichopungua.

"Apa," akasema.

"Kitabu yetu inakataza kuapa."

"Bon. Basi moto itakuapia." Akasukuma makaa pembeni ya mfuniko kwa mguu wa kiti, mpaka chuma kikaonekana katikati. "Weka mukono, mama. Mutu wa kweli, moto haimukulaka. Nitahesabu mpaka kumi. Ukitoa mbele ya kumi, tunatembea wote tatu mpaka darajani."

Viganja vyake vilikuwa vigumu. Aliokota makaa kwa vidole kama mtu anayeokota karanga, na mbu waliomwuma hapo, nadhani, walikwenda nyumbani kutafuta meno mapya. Nilijiambia: kumi ni kidogo. Aliweka mkono wa kulia, bapa, na kuukandamiza, kama anavyolikandamiza donge.

Mkubwa alihesabu kwa Kifaransa, ili tujue ni mkubwa. Alikwenda vizuri mpaka sita. Kisha akasema nane. Kijana mwenye meno mazuri akamnong'oneza kwamba kabla ya nane kuna kitu. Mkubwa akafikiri. Akaona aibu. Akaanza tena kutoka moja.

Mara ya pili pia hakuiona saba.

Mimi niliijua. Nilikuwa nimesoma miaka mitatu kwa watawa, saba ya Kifaransa niliijua kama jina langu, na ulimi wangu, huu ambao haujawahi kukaa mahali pake, asubuhi ile ulilala. Niliogopa kwamba nikisema, wataniangalia. Alianza mara ya tatu, na harufu ikaja. Mungu anisamehe: ilikuwa harufu ya nyama, na sisi hatukuwa tumekula nyama miezi miwili. Mate yalinijaa mdomoni.

Mama mkwe wangu hakulia. Aliangalia mahali pale kuku walipokuwa, na midomo yake ilikuwa inakwenda bila sauti. Mara ya tatu mkubwa aliiruka saba kwa makusudi, akafika kumi.

"Mama ni mutu wa kweli," akasema. Wakakusanya mikate katika gunia. Yule kijana aliurudisha mdomoni ule aliouacha, akaumaliza akitembea.

Walipopotea kwenye kona ya njia, aliondoa mkono. Sehemu ya ngozi ilibaki kwenye mfuniko. Akanigeukia, akanipiga kofi kwa mkono ule ule. Alama ya damu na majivu ilikaa shavuni mwangu, vidole vitano, kiganja kizima.

"Hii ni ya nini, mama?"

"Ya kukanda kama mutu anayebembeleza. Unga inapigwaka."

Nilimfunga mkono kwa jani la mgomba, moja katika machache yaliyobaki, na mawese. Nilitaka kumshukuru, nikaanza kusema maneno marefu kwamba ameniokoa. Akanikata.

"Nani alikuokoa? Niliokoa mwenye iko ndani. Wewe uko chungu tu."

Na wote wawili tulikuwa tumetoka kuona chungu hufanywa nini.

Serikali iliporudi mjini, ilirudi na askari waliopiga bila kuuliza nani ana dawa na nani hana, na wiki ile darajani walipelekwa watu wengine, wakipelekwa na watu wengine. Yule mkubwa mpole sijui aliishia wapi. Mume wangu aliletwa na mtumbwi kutoka Lubunga, mwembamba kiasi kwamba nilimwona kwanza nguo. Binti yetu alizaliwa, akilia kwa sauti ya kupita maporomoko. Mama mkwe wangu alimpokea kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umepona vibaya: vidole vimejikunja ndani, kama jani la mhogo lililoungua, na haukufunguka tena.

Kanisa lilifunguliwa likiwa na matundu ya risasi kwenye mabati, hata jua likatuandikia nukta kichwani. Jumapili ya kwanza ilikuwa ya ushuhuda. Nikasimama na mtoto mgongoni. Nilitaka kumheshimu, hilo Mungu analijua. Nikaeleza chungu, nikaeleza mfuniko. Na watu walipoanza kusema "ee" na "amina", chumvi ikapanda yenyewe. Nikasema alishika chuma chekundu kwa muda wa wimbo mzima wa beti sita. Nikasema moto ulikataa kumla, kama wale vijana watatu wa tanuru. Nikasema waasi walipiga magoti. Akina mama walikuwa wanalia. Na mimi nililia. Nilikuwa nimeanza kuamini.

Kiti kilisogea nyuma. Alikuwa amesimama.

"Moto ilinikula," akasema.

Akaja mbele, polepole, akainua ule mkono uliokunjika ili hata walio mlangoni waone.

"Huyu anasema uongo. Hakuna mutu alipiga magoti. Beti sita hapana, ilikuwa kumi yenye kukosa saba, mara tatu. Na moto ilinikula kwa sababu nilidanganya. Yeye alikanda, na mimba. Mimi nilisema nakandaka. Uongo yangu iko ndogo, herufi mbili, mukia ya neno. Lakini chachu pia iko ndogo." Akageuka kwangu. "Na alijua saba. Nilimuona. Aliikalia."

Halafu akarudi kwenye kiti chake akakaa.

Baraza la kanisa lilikutana Jumanne. Kwa kuwa amekiri uongo, na kwa kuwa ameoka mikate ya waasi, walimvua ushemasi wake, wakamzuia meza ya Bwana miezi mitatu. Na kwa kuwa lazima mtu aoke mkate wa meza, na kwa kuwa nilikuwa na mikono miwili, walinipa mimi. Mmoja wa wazee alisema ushuhuda wangu ulikuwa mzuri sana. Ni huzuni tu kwamba uliingiliwa.

Hivyo kila Jumamosi nilioka kwa sufuria yake, chini ya mfuniko uleule. Chachu nilianza mpya, ya tembo la sokoni. Yeye alikaa kwenye kigoda, mwiko katika mkono wa kushoto, akinirekebisha. Mkono wa kushoto hakuwa na shabaha nao; alinipata sikioni.

Miezi mitatu ikapita, ukapita na mwaka. Sahani ya mkate ilipofika kwake aliisogeza kwa jirani bila kuitazama. Watu walisema hajanisamehe. Mimi pia nilisema, na nilikuwa na hadithi ndefu juu ya hilo. Mpaka Jumapili moja nilipomtazama vizuri. Sahani ilikuja, mkono wa kulia ukainuka kidogo kutoka kwenye mapaja, ukafika nusu ya njia. Vidole havikufunguka. Ukashuka. Wa kushoto hakuutoa. Mwili wa Bwana haupokelewi kwa kushoto, angekufa kwanza. Na kuomba kulishwa kama mtoto, mbele ya watu, na mimi niliyeketi na saba mdomoni: hilo pia angekufa kwanza.

Niliondoka mahali pangu. Nilichukua kipande kwenye sahani, nikasimama mbele yake, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe sikuwa na la kusema. Aliniangalia muda mrefu kuliko hesabu zote za yule mkubwa. Kisha akafungua mdomo.

Nikamwekea. Akatafuna taratibu, hadi mwisho, akameza.

"Haina chumvi," akasema, na sauti yake ilifika mpaka mlangoni.